Rangi ya Kijani Kichochoroni

Jumamosi, saa tatu na dakika kumi asubuhi, niliwaita majirani wa kichochoro chetu hapa Baba Dogo waje washuhudie. Maji machafu yalikuwa yakibubujika kati ya ukuta wangu na wa Mama Akinyi, nami nilikuwa nimeshamtangaza kuwa mkosaji. Tangi langu la maji taka haliwezi kujaa, niliwaeleza. Kila mwezi natia hamira chooni, vijidudu vinakula uchafu wote, ndiyo maana sijawahi kuita gari la kunyonya maji taka.

Nilimimina rangi nyekundu ya keki chooni kwake, nikavuta maji, ili tuone kama itatokea nje. Tukasubiri. Maji ya kichochoroni hayakubadilika.

“Sasa mimina kwako, Mwalimu,” akasema Mama Akinyi. “Ama hamira itaskia vibaya?”

Mimi si mwalimu. Wananiita hivyo kwa sababu ya vitabu vyangu. Nilimimina rangi ya kijani chooni kwangu, nikavuta maji mara kadhaa, kisha nikatoka nikiwa bado na uhakika. Nikawakuta wote wakitazama chini. Kichochoro kilikuwa kijani hadi mlangoni kwa Mama Akinyi.

Akainua kandambili yake iliyolowa. “Mwalimu, na rangi hii ni ya nani?”

Niliomba msamaha mbele ya wote, uso ukiniwaka. Gari la kunyonya lilichukua shilingi elfu nane.