Nakala Safi ya Maneno ya Maman Nabintu

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika kwenye kituo kidogo cha polisi cha Mudaka kabla ya saa moja asubuhi, nikakuta mlango umefungwa. Nilikuwa na kalamu tatu mfukoni kwa kuhofu kwamba mbili zingekauka. Mkuu wa kituo alipofika saa mbili aliniuliza kama nimesomea sheria. Nikajibu hapana. Shule niliiacha kabla ya mtihani wa serikali, na Kifaransa cha ofisi nilijifunza peke yangu, kwenye makaratasi ya zamani ya mahakama ambayo wauzaji wa mtaa wetu walifungia maandazi. Alicheka, akanipa meza yenye mguu mmoja mfupi.

Leo nina miaka thelathini na nne, na ninaposema nimestaafu watu wananicheka. Lakini kazi niliyoifanya miaka kumi na moja imekwisha na haitarudi, kwa hiyo nivumilieni niizungumze kama wanavyofanya wazee. Nawaandikia ninyi vijana mnaoanza ukarani wa upelelezi, kwa sababu nina kosa moja la kuungama.

Kazi yetu ni PV. Hiyo ni hati yenye maneno ya mtu aliyehojiwa. Msemaji anasema Kiswahili au Kimashi, karani anaandika Kifaransa, kisha anamsomea tena kwa lugha yake, naye anatia sahihi au alama ya kidole gumba chini ya kila ukurasa. Neno likikosewa halifichwi kwa wino mweupe. Linapigwa mstari mmoja, lililo sahihi linaandikwa pembeni, na hapo pembeni karani na msemaji wanatia alama zao. Mimi mistari ile ilinitia aibu. Kila nilipouona ukurasa wenye makosa yangu, nilitamani kuuchana.

Mkuu wa kituo aliniona nikihangaika, akaniambia, "Ukurasa yenye mistari iko na mutu ndani yake. Ile safi sana, avoka atakuuliza uliiandikia wapi."

Avoka ni wakili. Niliitikia, lakini sikusikia. Mudaka kesi zilikuwa za mbuzi na mipaka ya mashamba, na watu walikaa karibu. Nilikuwa nikinakili PV upya nyumbani, kisha nawaomba wahusika warudi kutia kidole kwenye nakala safi. Walirudi wakicheka, wengine na ndizi mkononi. Mama mmoja alinibatiza Karani Propre, yaani Karani Safi. Hakuna aliyeumia, na hivyo ndivyo nilivyozoea.

Kwa ajili ya mwandiko huo nilihamishiwa Bukavu, katika timu ya upelelezi iliyofuatilia wizi wa pikipiki. Ofisi yenyewe sitaitaja. Mkubwa wetu alikuwa Inspekta, mtu mwembamba, wa maneno machache, aliyekunywa chai bila sukari na kutucheka sisi tulioitia vijiko vitano. Ndiye aliyenifundisha kwamba mwizi anayempora dereva wa moto, kama tunavyoziita pikipiki za abiria, ni mtu mdogo kabisa. Nyuma yake kuna anayeificha pikipiki, anayeifungua vipande vipande, anayetengeneza karatasi za uongo, na anayepeleka vyuma upande wa Mwenga na Shabunda, kwenye machimbo, ambako hakuna anayeuliza namba. Ukimkamata mwizi peke yake, kesho yake wanaweka mwingine. Inspekta alimtaka yule wa katikati, mwenye gereji, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi. Madereva wawili walikuwa wamekwisha kuuawa kwa ajili ya pikipiki zao, na mmoja wao alikuwa jirani yangu.

Aliyetufungulia njia alikuwa mwanamke mmoja wa soko la Kadutu. Hapa nitamwita Maman Nabintu, na nitasema aliuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani. Jina si lake na biashara si yake. Meza yake ilitazamana na gereji. Kwa miezi aliona pikipiki zinaingia nzima na kutoka ndani ya magunia, na alimjua kwa sura kila aliyezileta. Inspekta alimsihi wiki tatu. Akakubali kwa sharti moja: atakuja mara moja tu, kwa njia ya miguu iliyo nyuma ya ofisi, na beseni kichwani kama anayetembeza samaki.

Alikuja saa nne asubuhi. Alisema kwa saa mbili, haraka, akirudi nyuma na kujisahihisha. Kalamu yangu ilikimbia kumfuata.

"Juu ya nini unaandika mingi vile, papa?" aliniuliza. "Mimi nimesema kidogo tu."

Inspekta akamwambia karani huyu analipwa kwa wino. Maman Nabintu akacheka, akatia kidole kurasa nne na pembeni mwa kila neno lililopigwa mstari. Maneno hayo yalikuwa kumi na moja. Alipotoka alipitia huko nyuma, na wapishi wa mtaa wakanunua sambaza zake bila kushuku kitu.

PV ile ilikuwa halali. Nalisema wazi ili msinitafutie udhuru. Lakini ilikuwa kesi kubwa kuliko zote nilizowahi kushika, ingesomwa na mwendesha mashtaka na majaji, na juu ya ukurasa wa kwanza mwandiko wangu ulionekana kama wa mtoto. Nikainakili. Kurasa nne zikatoka bila doa. Zilikosa kidole gumba tu.

Inspekta alikuwa amesafiri siku mbili. Nikajaza hati ya wito, nikampa polisi wa zamu aipeleke sokoni. Polisi aliyevaa sare. Mchana. Alimkabidhi karatasi mbele ya meza yake, gereji ikitazama. Namna hiyo ndiyo tulivyopeleka wito siku zote, na sikufikiri zaidi ya hapo.

Safari hiyo alikuja kwa mlango wa mbele, kwa kuwa wito uliamuru hivyo, na hakuwa na beseni. Hakuketi.

"Mulisema mara moja, papa. Kuko kitu nilikosea?"

Ningeweza kumjibu. Nilimwambia ni utaratibu wa ofisi. Akatia kidole mara nne, akapangusa wino kwenye kitenge chake, akaenda zake.

Siku ya tatu meza yake ilikuwa tupu. Jirani yake alimweleza mtu wetu kwamba vijana wawili walifika kununua sambaza, wakamuuliza kwa upole kama ngazi za polisi hazimuumizi magoti. Jioni hiyo alifunga mizigo, akaondoka na watoto wake.

Inspekta aliporudi alizikuta PV mbili ndani ya faili. Alizilaza mezani sambamba, akazisoma zote mbili, kisha akaniuliza tofauti yake. Nikasema ya pili ni safi. Nikaanza kuomba radhi kabla hajaniuliza lingine.

"Ile mama alitupa roho yake mukononi," alisema. "Wewe uliona mistari."

Hakunipigia kelele wala hakunishitaki kwa Kamisaa aliyetusimamia, na ningependa angefanya hivyo. Alitoa PV zote mbili kwenye faili, akazifungia, kwa sababu faili husomwa na avoka wa mshitakiwa, na vijana wale walikuwa wanakisia tu kwamba alisema; PV ingewathibitishia. Bila maneno yake hatukuwa na kitu cha kumfunga Fundi. Waliohukumiwa ni wezi wawili wadogo. Gereji ilifungwa mwezi mmoja, ikafunguliwa tena.

Nilikaa kazini mwaka mmoja zaidi, nikisita kila nilipotakiwa kuandika jina la shahidi, kisha nikaomba kuondoka. Kabla ya kukabidhi funguo nilimwomba Inspekta aniambie alipo yule mama. Alifikiri, akasema nipande gari la abiria kama mtu anayekwenda kununua maharage, nisivae viatu vya ofisi.

Nilimkuta huko Nyantende, nje ya mji, kwa dada yake, uani, akipukuchua maharage. Alinitambua mara moja. Nilimwambia yote: PV ya kwanza ilitosha, wito haukuwa wa lazima, nilimwita kwa sababu ya uzuri wa ukurasa.

Mikono yake ilisimama.

"Mwaka muzima nilifikiri nilisema vibaya," alisema. "Nikawaza, nilisahau kitu, njo maana banakuwa na mashaka na mimi."

Nikamwambia alisema vizuri kuliko shahidi yeyote niliyewahi kumwandika.

Akanieleza jambo ambalo sikulijua. Sokoni watu waliona polisi, waliona wito, kisha waliona meza tupu. Wakajumlisha wenyewe: alikuwa akiwafichia wezi vyuma chini ya meza. Hata mjane wa dereva mmoja aliyeuawa alisema hivyo hadharani. Akaniomba nipande Kadutu niwaambie wanawake wale kwamba hakuwa mwizi.

Nilitaka kusimama niende saa ile ile. Kisha nikaona, na nikalazimika kumwambia: nikisema kwa nini aliitwa, Fundi atajua kwa hakika alichokuwa anakisia.

Aliendelea kupukuchua. Ganda moja, la pili, la tatu.

"Basi, baache baseme," alisema. "Watoto biko wazima." Kisha akamwita dada yake aniletee chai, nami sikustahili, nikainywa.

Vijana, sheria ya kazi mtaifundishwa na wakubwa wenu. Mimi nawaomba tu kwamba kabla ya kumrudisha mtu kwenye meza yenu, mjiulize kama ni kesi inayomhitaji au ni ninyi. Hofu ya kukosea si uangalifu. Mimi nilivichanganya viwili hivyo, na aliyelipa ni mtu mwingine.

Siku hizi naandikia watu barua karibu na soko la Kadutu. Wiki iliyopita nilisimama kununua samaki kwenye meza ambayo zamani ilikuwa yake. Muuzaji mpya, mama mchangamfu, aliniambia nisiogope kwamba atanipunja.

"Mwizi ni ule mama aliuzaka hapa mbele yangu," alisema. "Polisi ilimufukuza."

Niliinua kichwa. Ng'ambo ya njia mlango wa gereji ulikuwa wazi, na kijana mmoja alikaa kizingitini akitutazama. Nikapokea samaki wangu, nikamshukuru yule mama, nikaondoka bila kumsahihisha.