Shairi Lililokwamia Dirishani

Mchora mabango alikuwa na ugonjwa mmoja wa kazi usiosikia dawa: herufi za mwanzo huzichora kubwa, za kujidai, halafu nafasi inamwishia. Duka la viatu la jirani yake limeandikwa "Duka la Via" mpaka leo, naye akiulizwa husema hiyo ndiyo staili yake.

Jioni alikuwa mshairi. Alitunga vishairi vya kisasa, mistari mitatu minne, akawatumia watu kwenye simu, na alijua fika kwamba wengine walibadilisha namba kwa sababu hiyo. Alijicheka mwenyewe kabla hajachekwa. Ila jambo moja hakulifanyia mzaha: alitaka mkewe apende shairi lake, hata moja tu. Mkewe, fundi cherehani asiyejua kuzunguka mbuyu, alishamwambia, "Mwenzangu, shairi lina mistari mitatu, na mimi nakwama kwenye wa kwanza."

Mama huyo alipokwenda kumsaidia dada yake aliyejifungua, mshairi wetu akaona nafasi ndiyo hiyo. Baada ya siku kadhaa akachukua rangi ya buluu iliyobaki kazini, akaukabili ukuta wa jikoni. Shairi lilikuwa la mistari sita: lianzie jikoni, lipite kwenye giza la ulimwengu, liishie kwa msanii asiyeeleweka. Akaanza kwa mbwembwe:

NIKIRUDI JIONI
JIKONI KUNA GIZA

Hapo akafika dirishani. Ulimwengu ukakosa pa kukaa, na msanii asiyeeleweka akabaki ndani ya kopo la rangi. Alikuwa anatafuta tambara afute, mkewe akaingia na mizigo yake, bila kumpa taarifa.

Mkewe akasoma. Akatua mkoba, akasoma tena. Mchora mabango akajiandaa kuchekwa.

"Kumbe nikiondoka unakuwa hivi," mkewe akasema, akamshika mkono wenye rangi.

Mume akafungua kinywa amweleze habari za ulimwengu. Ndipo akakumbuka jinsi alivyokuwa akila amesimama, hata hamu ya kuwasha taa hana. Alikuwa amemkumbuka mkewe vibaya sana, na hakulijua hilo mpaka alipoelezwa.

Mkewe akauliza kama shairi linaendelea.

"Limeishia hapo," akajibu, akisukuma kopo chini ya meza kwa mguu.

Ile mistari minne iliyobaki bado anayo kichwani, na moyoni anaamini kabisa kwamba ndiyo ilikuwa mizuri zaidi.