Mama Koku alitaka damu yake imsafishe jina

Wakuu, heshima yenu.

Mlioshika vikombe mkisubiri chai, virudisheni kabatini. Haya si ya kutunga, nimeyaona kwa macho yangu, majina tu ndiyo nimebadili.

Mimi ni mtu wa maabara. Tuna project ya virusi vinavyoenezwa na mbu, dengue na chikungunya, ili wanaotengeneza chanjo wajue virusi hivyo vimefika wapi na miili ya watu imevijibu vipi. Tunachukua damu, tunatenga yale maji yake ya juu, tunayachanganya na kirusi kwenye chembe hai, kisha tunasubiri. Chembe zikifa, mwenye damu hana kinga. Zikipona, ujue alishaugua na mwili wake ukajifunza.

Kazi naipenda. Ila hii safari imenitia uchungu ambao sijui kama utanitoka.

Kwetu ni Nyabiyonza, Karagwe. Boss alinipanga kwenye team ya kwenda kuchukua damu huko kwa sababu naongea Kinyambo. Hakujua kwamba nyumbani kunawaka moto.

Bi mkubwa wangu, yaani mama mzazi, alikuwa ameugua homa kali, vipele mwili mzima, akapimwa malaria hana. Homa ikaisha, shida ikabaki vidoleni. Vilivimba, vikapinda, hata kumenya ndizi hawezi. Na kwetu mama asiyeweza kumenya ndizi anajiona mgeni jikoni kwake mwenyewe.

Sasa, kabla ya homa alikuwa amegombana na jirani yake, Mama Koku, mjane, kisa mpaka wa vibanja vyao vya migomba. Mnajua kilichofuata. Bi mkubwa akasema kwa mdomo wake mbele ya akina mama waliokuwa wanatoka kanisani: "Mama Koku amenifunga mikono."

Nikamwambia mama, hii ni chikungunya, inaletwa na mbu. Hata hilo jina wamelitoa Wamakonde kule kusini, maana yake ni kupinda.

"Mbu nimezaliwa nikawakuta," akanijibu. "Mbona siku zote hawakunipinda?"

Shule yote ile, jamani.

Siku ya kuchukua damu pale kijijini, Mama Koku alikuwa wa kwanza kuja mezani kwangu. Nikampa shikamoo, akaitikia huku anawaangalia watu waliokaa kwenye mabenchi, bi mkubwa akiwemo.

"Chukua, mwanangu," alisema kwa sauti ili wote wasikie. "Damu haijui uongo. Majibu yakitoka yasomwe kanisani."

Waitu, jamani! Nilijisikia vibaya mno. Nikamweleza taratibu kwamba kichupa kinabeba namba, hakibebi jina, ndivyo utafiti unavyomlinda mtu. Hata mimi nikikishika kule lab sitajua ni cha nani. Na uchawi hatupimi.

"Basi mnaichukua ya nini?"

"Ya chanjo, mama. Ya wajukuu."

Akanyoosha mkono. Nikamwambia akunje ngumi, akakunja nusu. Nikadhani anaogopa sindano.

Tukaondoka. Haikupita muda nikapigiwa simu kwamba Mama Koku ameamka akakuta migomba yake imelazwa chini kwa panga. Aliyekata hajulikani, yaani anajulikana na kijiji kizima. Mama wa watu akafunga mlango, akaenda kukaa kwa kaka yake kijijini Kibingo, kule Kyerwa.

Bi mkubwa naye kila akipiga simu anauliza majibu yake yako wapi. Nikimwambia sijui, anakata. Aliamini nimeyaona, ni mabaya, namficha.

Hapo lab nikawa nashika vile vichupa vya kwetu roho inaniuma. Kuna vingine chembe zilipona zote, kinga ya nguvu kabisa. Wenzangu wanafurahi, data nzuri. Mimi nawaza, hiki huenda ni cha mama, na kinga hiyo ilimchukulia vidole. Chanjo tunayoihangaikia ni hiyo hiyo tu, mtu apate alichopata mama bila kupoteza alichopoteza.

Baadaye tukarudi kutoa mrejesho kwenye kikao cha kijiji. Boss anaongea, mimi natafsiri. Kwamba chikungunya imepita hapa, imegusa nyumba nyingi, na ndiyo inayoacha viungo vinauma muda mrefu baada ya homa kuisha. Akaomba wenye vidole vinavyouma wanyooshe mikono.

Ikanyooka mingi. Hata ya wanaume. Kila mtu alikuwa na yake kaificha nyumbani.

Bi mkubwa aliiangalia ile mikono, akainamisha kichwa. Kesho yake akaniambia, "Nipeleke Kibingo."

Tulimkuta Mama Koku uani, mikono kaifunika kwa kitenge. Bi mkubwa akapiga magoti pale pale kwenye vumbi. Alilia, akasema yote, kwamba alimsingizia, kwamba ni mbu.

Mama Koku akaitoa mikono kwenye kitenge.

Wakuu, vidole vilikuwa vile vile. Vimevimba, vimepinda. Nikakumbuka ile nusu ngumi.

"Vilianza kabla hamjaja na sindano zenu," alisema. "Ningesema nini? Mngesema uchawi umenirudia mwenyewe."

Bi mkubwa akamwomba arudi nyumbani.

"Nirudi kwenye nini? Migomba mmeilaza."

Kulikuwa na mkungu umeegemezwa ukutani, na wifi yake alikuwa shambani. Wanawake wawili wamekaa, mgeni na mwenyeji, hakuna anayeweza kushika kisu. Nikakichukua mimi. Kwetu mwanaume hamenyi ndizi, na ilionekana. Utomvu mikono yote, ndizi nimezichonga kama penseli. Hakuna aliyecheka.

Tukala. Hakusema amesamehe, na hakusema hajasamehe.

Tulipoaga alibaki pale pale. Nyie mnajua kwetu mgeni husindikizwa. Bi mkubwa akasimama kidogo, akasubiri.

"Njiani kuna watu," Mama Koku akasema. "Huku bado hawajaiona mikono yangu."

Akarudisha kitenge.

Nilichojifunza ni kwamba majibu yakichelewa, watu wanajijibu wenyewe, na jibu lao lina panga. Chanjo itakuja, Mungu akipenda, ila itawakuta akina Mama Koku wameshahamishwa. Nimemwambia boss, safari nyingine maelezo yatangulie sindano. Kasema atalifikiria. Haya.

Uwanja ni wenu. Mwenye mzazi aliyeugua homa kisha viungo vikagoma, aseme kwao walimtaja nani.

Na kama humu kuna mtu wa Kibingo, siku mkimwona mama mgeni anayeficha mikono, msianze kuulizana. Ni mbu tu.