Mama Mkwe Kwenye Fainali ya Poka

Nimewahi kuumwa na nyoka. Nimewahi kupigwa shoti na friji ya bucha. Lakini sijawahi kushtuka kama siku niliyomkuta mama mkwe wangu kwenye fainali ya poka.

Miwani ya jua ndani ya nyumba. Kofia ya baba mkwe kichwani. Mbele yake chipu, vile vidude vya duara vya kuwekea dau, zimejaa tele.

Ndiyo, mama mkwe huyo huyo, mwenyekiti wa maombi ya akina mama.

Ngoja nianze vizuri.

Mimi ni fundi friji, na ni mlokole. Jumapili iliyokuwa inakuja nilikuwa nisimikwe kuwa mzee wa kanisa. Na kila Jumamosi mchana, kwa miezi minane, nilikuwa nacheza poka ghorofani, juu ya karakana ya makochi, na kinyozi, daktari wa meno na wengine wa aina hiyo. Hatuchezei hela. Bingwa anapewa kikombe cha bati na kupigwa picha.

Sasa dhambi iko wapi? Nimeisoma Biblia mwanzo mpaka mwisho, hakuna aya inayokataza karata.

Aya inayokataza uongo ipo. Hiyo niliiruka, maana mke wangu nilikuwa namwambia naenda kuwaona wagonjwa.

Na ule mtindo wa kujifanya una karata kali wakati huna kitu? Nilishautolea hukumu. Huo si uongo, ni kunyamaza kwa imani.

Siku hiyo tulikuwa meza tatu. Watu wakatolewa mmoja mmoja, tukabaki wawili. Nikageuka kumwona mpinzani wangu, alikuwa amekaa meza ya nyuma yangu muda wote.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mkwe. Mgonjwa anaendeleaje?"

Jasho likanitoka mpaka kwenye nyayo.

"Mama, na wewe umefuata nini huku?"

"Nimestaafu, magoti yananiuma, baba mkwe wako analala mchana kutwa. Ulitaka nifume vitambaa? Ila mimi nimeaga ninakokwenda. Wewe umeaga?"

Nikajifanya napanga chipu zangu.

"Basi sikiliza," akasema huku akichanganya karata. "Ukishinda, mdomo wangu nimeufunga. Nikishinda mimi, leo hii unamwambia mke wako kwa kinywa chako. Kabla hujasimikwa."

Ningekataaje?

Tukaanza. Kila nikipata karata nzuri, mama anajitoa. Nikipata mbovu, anakuja juu ananichukulia chipu. Raundi tano hivyo hivyo. Nikasema huyu si bure.

Raundi ya sita nikashika saba na mbili, karata mbovu kuliko zote. Nikafumba macho kidogo. "Bwana, mtie hofu mama huyu." Kisha nikasukuma chipu zote katikati, uso mkavu.

"Nakufuata," akasema. Hakufikiria hata kidogo.

Alikuwa na tisa na tano. Takataka tupu, lakini takataka iliyoizidi yangu. Karata za mezani zikafunguliwa, hazikumsaidia mtu. Nimekwisha.

"Mama, umejuaje?"

Akavua miwani.

"Mkwe, ukipata karata nzuri unakodoa macho kama mlinzi. Ukipata mbovu, unafumba macho unaomba. Raundi tano zimenitosha."

Kinyozi akacheka mpaka akashika ukuta. "Mama, sisi tulijua siku ya kwanza. Huyu tunamwita Amina!"

Miezi minane! Nami nilidhani sishindi kwa sababu shetani ananipiga vita.

Nikaenda nyumbani nimenywea. Mke wangu alikuwa anapiga pasi shati langu la kusimikwa. Nikamwambia yote.

"Nilijua," akasema. "Mgonjwa gani huyo, miezi minane haponi wala hafi?"

Nikapumua. Nikamsimulia na lile la kufumba macho na kuomba kila nikipata karata mbovu, nikidhani tutacheka wote.

Hakucheka. Akaisimamisha pasi.

"Mwaka juzi nilipolazwa, uliniombea kila siku. Kwa jina. Nilikuwa nakusikia, na sala hiyo ndiyo iliyonipa nguvu. Tangu nimepona, umenitaja lini?"

Nikahesabu nyuma, mwezi kwa mwezi. Sikuipata hata siku moja. Niliona aibu ambayo hata mbele ya kinyozi sikuiona.

Jioni ile nikampigia mchungaji, nikamwomba kusimikwa kwangu kusubiri, na sababu nikamwambia. Kisha nikapiga magoti, sina njaa, sina deni, sina mgonjwa. Nilikaa pale muda mrefu sijui nianzie wapi. Mwisho nikaanza na jina la mke wangu.

Ndugu yangu unayesoma, karata sikukatazi. Ila kama Mungu anaisikia sauti yako siku za shida tu, usidhani anayelijua hilo ni Yeye peke yake.