Kizimio cha Baba Mkwe

Moto wa tatu nyumbani kwetu uliwaka wakati mchungaji ameshika chombo changu cha kuzuia moto, anakiombea.

Sitanii.

Macho yamefumbwa, kanisa zima linaitika amina, na simu ya mume wangu inalia kwenye mfuko wa shati. Jirani anapiga kelele upande wa pili: "Baba Irine, rudini! Mabua yenu yanawaka!"

Nimeokoka, sisemi uongo. Ila najua mkifika mwisho kuna watakaosema nimewatungia. Haya, someni.

Naitwa Wegesa. Naishi Nkende hapa Tarime, upande ule ambao mji unaishia na ng'ombe wanaanzia. Nina binti wa kuolewa, na bado nasoma. Jioni nakwenda Nyamisangura kwenye darasa la watu wazima, nakaa kwenye dawati la watoto, magoti yanagonga mbao, najifunza kemia.

Majirani walifurahi sana. "Mama Irine, ukimaliza utakuwa daktari au rubani?"

Nikawajibu rubani, ili niwe nawapitia kwa juu.

Aliyenipa nafasi hiyo ni baba mkwe wangu, mzee Waitara.

Kwa msiojua, sisi Wakurya mke wa mwana hamsogelei baba mkwe wake. Hampi mkono, hamtazami usoni. Mkiwa na neno, mnalipitisha kwa mtu mwingine, hata kama mzee yuko palepale na masikio yake yote mawili.

Sasa nilipoomba kusoma, swali likawa jioni nani atarudisha ng'ombe zizini. Mume wangu akakuna kichwa. Mama mkwe akasema kitabu ninacho tayari, kinaitwa Biblia.

Mzee alikuwa kwenye kigoda chake, ametupa mgongo. Akakohoa.

"Mama Matiko, mwambie mke wa mwanangu akasome. Ng'ombe nitawaangalia mimi."

Mama mkwe akanigeukia, kana kwamba mimi niko Musoma na yeye ndiye mnara wa simu. "Amesema ukasome."

Ndiyo shule yangu yote ilivyoanza. Imesimama juu ya yule mzee. Akiondoka yeye, narudi kufukuza ndama.

Mama mkwe, jina lake Boke, ni kiongozi wa maombi ya wanawake kanisani kwetu. Akipandisha sauti, mabati yanaitika. Hakosi pipi ya mnanaa mdomoni, anasema ni ya kutunza koo kwa ajili ya kazi ya Bwana. Na hakuna kitu alichokipiga vita kama tumbaku. Mapepo ya uchawi anayakemea kwa dakika chache. Pepo la sigara analitengea ibada nzima.

Na mumewe? Mzee Waitara anavuta kama tanuri la matofali. Tena si sigara za dukani. Hizo anasema ni za watoto. Anasokota mwenyewe tumbaku yake, misokoto minene kama kidole gumba.

Kwa hiyo moto wa kwanza ulipokula rundo la majani ya ng'ombe, hakuna aliyeuliza ni nani. Moto wa pili ulipochukua paa la banda la ndama, hata ndama mwenyewe alimwangalia mzee.

Shemeji yangu Matiko, kaka mkubwa wa mume wangu, akaja na pikipiki kutoka Issenye, kule Serengeti anakolima. Hakunywa hata chai.

"Moto ukitokea tena, baba namchukua," akasema. "Atakaa kwangu, chini ya macho yangu."

Nilimwona mzee akitazama ng'ombe wake. Issenye ni pazuri, sikatai. Ila hana ng'ombe hata mmoja kule, na wazee wa rika lake wote wako hapa. Mzee wa Kikurya asiye na ng'ombe wala rika ni kama amezikwa, wamesahau tu kumlaza.

Nikaingia kwenye maombi. Nikafunga. Nikamwambia Mungu: "Bwana, mzee hataacha kuvuta, mimi na wewe tunamjua. Basi nipe namna ya kuzima."

Wiki ileile mwalimu wetu, Laurian, kijana wa Bukoba aliyeletwa huku na serikali, akaandika ubaoni: moto unataka kitu cha kuungua, joto na hewa. Ondoa kimoja, moto unakufa. Akatuambia kila mtu atumie hilo kutatua tatizo la nyumbani kwake.

Wenzangu walichora mitungi ya gesi. Mimi nikasema natengeneza chombo cha kuzimia sigara, cha kutembea nacho mfukoni.

Darasa likacheka. Mama wa maombi na vipisi vya sigara! Haya, chekeni.

Cha kwanza nilitumia kopo la plastiki la mafuta ya kujipaka. Lilizima sigara vizuri sana, kisha likayeyuka likatoboka.

Cha pili nilitumia kopo la bati la rangi ya viatu, lile linalofunga kwa kubana. Wazo zuri, ila sikulisugua. Mwalimu akaingiza kipisi chenye moto mbele ya darasa, rangi iliyobaki mle ndani ikashika, kopo likawaka kwa raha zake.

"Mama Irine," mwalimu akasema huku anapuliza vidole, "hongera. Umegundua mshumaa."

Nikarudi kwenye maombi. Safari hii nilitubu na kuosha makopo.

Cha tatu nilipeleka kwa fundi wa kuchomelea. Nikamwomba akate vipande viwili vya bomba la chuma, kimoja chembamba cha sigara za dukani, kingine kipana cha msokoto wa mzee, vyote vimezibwa chini. Tukavisimamisha ndani ya kopo, tukajaza mchanga mkavu kuvizunguka ili joto lisitoke nje likachoma koti. Juu mfuniko wa kubana, pembeni mnyororo wa kufungia kwenye kifungo.

Kazi yake ni rahisi. Unasukuma upande wa moto ndani ya bomba, unafunga. Bomba limebana, hewa hakuna, moto unakufa wenyewe. Mwalimu alijaribu mpaka akaishiwa sigara za kuazima. Darasa wakakibatiza jina: kizimio.

Kikabaki kibarua cha kukikabidhi. Nikasimama mlangoni kwa mama mkwe, nimempa mzee mgongo, naye yuko hatua chache tu.

"Mama, mwambie mzee asukume upande wa moto mpaka mwisho, kisha afunge."

"Amesikia," akasema mama mkwe, amekunja uso. "Ila mimi nasema wazi, Wegesa, unamtengenezea shetani kiti."

Mzee akadakia, "Boke, mwambie mke wa mwanangu kiti hiki ni kizuri, nitakikalia."

Na kweli alikikalia. Mzee na kizimio wakawa mtu na mkewe. Akaanza kuwatembelea wazee wenzake ili tu waone anavyozima. Kila nikimwaga majivu nakuta misokoto yake imekufa vizuri, haina hata joto. Mchungaji akasikia, akasema chombo kinachookoa nyumba si cha shetani, nikilete ibadani kiombewe.

Nilivimba kichwa, nakiri. Nilishona na gauni.

Siku hiyo ikatokea miujiza miwili. Wa kwanza, mzee Waitara alikuja kanisani, mara ya kwanza tangu niolewe. Si kwamba ameguswa. Alitaka kuhakikisha kizimio chake kinarudi. Wa pili, mama mkwe hakuja. Goti.

"Nendeni tu," alisema. "Nitawaombea nikiwa hapahapa."

Mengine mnayajua. Amina, simu, mabua.

Tulipofika, majirani walikuwa wameshamwaga ndoo za maji na kuangusha ukuta wa banda ili moto usifike jikoni. Mama mkwe amesimama katikati ya uwanja, mikono kichwani, anakemea. Goti lilikuwa limepona kabisa.

Nikajisemea, angalau leo mzee amepona. Alikuwa kanisani, watu wote wamemwona.

Matiko alikuja kabla jua halijazama. Nikamwambia hivyo, kwa sauti ya ushindi.

"Shemeji," akanijibu taratibu, "aliacha kipisi kabla ya kutoka. Si kizimio chenyewe mlikuwa mmekipeleka kanisani?"

Mnaona? Mimi na gauni langu jipya tulikuwa tumemchukulia mzee silaha yake, tukaenda kuiombea, mabua yakaungua. Huo ndio ulikuwa ushahidi.

Nikachukua fagio. Mwanamke akikosa la kusema hufagia. Nikafagia pembeni ya mabua yaliyoungua huku namuuliza Mungu kwa nini ameniaibisha mbele ya majirani wote wa Nkende. Hapo karibu na jiwe la kunolea panga nikaona kipisi.

Sigara ya dukani. Ile ya watoto.

Nikakiokota. Nikakigeuza.

Kichungi, pale watu wanapoweka mdomo, kilikuwa kikavu, safi kama kimetoka kwenye pakiti. Upande wa moto ndio uliokuwa umelowa mate na kubanwa na meno.

Kama hujakulia huku, hujaelewa. Bibi mzaa mama yangu alivuta hivyo mpaka anafariki. Kuna bibi zetu wanaovuta moto ukiwa ndani. Wanageuza sigara, upande unaowaka wanauingiza mdomoni, wanafunga midomo. Cheche huoni. Moshi kidogo tu puani. Ukimpita utadhani anang'ata kijiti. Na maisha yangu yote sijamwona mwanaume anavuta hivyo.

Mtu akitokea ghafla, bibi anafanyaje? Anakitoa na kukisokomeza popote palipo karibu. Kwenye majani. Kwenye paa la banda. Kwenye mabua.

Nikakumbuka zile pipi za mnanaa. Nikakaa chini.

Nilikuwa nimefunga na kuomba, nimetengeneza bomba la kila unene, na mvutaji niliyemtengenezea hakuwa ndiye anayeunguza. Nami ningemuuliza mzee wakati gani, wakati hata salamu zetu zinapita kwa mtu mwingine? Tena mtu mwenyewe ndiye huyohuyo mla pipi!

Nilipoinua kichwa, godoro la mzee lilikuwa limeshafungwa kwenye pikipiki ya Matiko. Mzee kavaa koti, kizimio kinaning'inia kifuani. Mama mkwe kainama, anafunga na kufungua fundo la kanga yake.

"Nitakwenda," mzee akasema. "Msigombane."

Nikisema, namwaga heshima ya mama mbele ya watoto wake, na kesho kanisa zima linajua. Nikinyamaza, mzee anakwenda kuzikwa akiwa amesimama, na mimi narudi kwa ndama. Nikaomba sala fupi kuliko zote nilizowahi kuomba: Bwana, saidia.

Nikamgeukia mama mkwe, nikampa mzee mgongo kama desturi inavyotaka.

"Mama," nikasema kwa sauti, "naomba umwambie mzee kwamba natengeneza kizimio cha pili. Hiki kitakuwa na mdomo mpana zaidi. Nimegundua kuna sigara nyingine zinakuja zimelowa upande wa moto."

Matiko akanitazama kama mtu aliyechanganyikiwa na kemia. Mume wangu akatazama mbingu.

Mama mkwe hakutikisika. Fundo la kanga tu ndilo lililoacha kufunguliwa.

Kisha nyuma yangu nikasikia sauti ambayo sikuwahi kuisikia tangu niolewe. Mzee Waitara anacheka. Anacheka mpaka anakohoa.

"Boke," akasema, "mwambie mke wa mwanangu nimelijua hilo tangu ukiwa binti. Na mwambie nilinyamaza kwa sababu kule kanisani mimi wameshaniandikia dhambi zote. Moja zaidi isingeonekana."

Mama akasimama pale, midomo inamcheza. Nilidhani atakemea. Badala yake akamwendea Matiko.

"Shusha godoro la baba yako."

"Mama, lakini..."

"Mura, wewe kijana, nimesema shusha! Moto ni wangu. Ule wa majani, wa banda, na huu."

Akafungua fundo la kanga, akaweka kiberiti kwenye kiganja cha mwanawe. Matiko akabaki amekishika kama mtu aliyepewa yai la nyoka. Kisha akaanza kufungua kamba za godoro.

Mzee akachukua fimbo akaenda kuwaangalia ng'ombe. Jioni hiyo nilichelewa darasani. Sikukosa.

Kesho yake mama mkwe alinifuata jikoni. Akazunguka masufuria, akafunua, akafunika.

"Hicho cha pili," akasema hatimaye, "kitaingia kwenye mfuko wa Biblia?"

"Kitaingia, mama."

"Hakitanuka?"

"Kikifungwa, hakinuki."

Akaguna. "Kishonee kitambaa cheupe."

Siku ya maombi ya wanawake aliongoza kama kawaida. Mfuko wa Biblia mapajani, pipi mdomoni. Akakemea kila moto wa adui, mabati yakaitika. Ila pepo la sigara, kwa mara ya kwanza, alilipita haraka kidogo. Nikasema amina kwa sauti kuliko wote.

Tangu hapo hakijaungua kitu. Ananiambia anapunguza. Namwombea, naye anajua namwombea, hatuongezi neno.

Mwalimu Laurian alinipa alama nzuri. Aliandika kwamba nimeelewa vizuri sana jinsi ya kuondoa hewa.

Nawe unayesoma hapa, kama nyumbani kwako kuna anayebeba lawama zote kwa sababu tu moshi wake unaonekana, usiniulize bei ya kizimio. Piga magoti, mwombe Mungu akuoneshe anayeunguza. Ila ukishaomba, usimwelekeze Mungu kwa kidole pa kuangalia.