Mtani Wangu, Namba Tisa

Mimi nina mdomo, na nalisema mapema nisije nikaonekana najificha. Nilipokuwa winga wa timu yetu hapa Morogoro nilikuwa na kazi mbili: kupiga krosi na kumtania namba tisa. Yeye Mnyamwezi, mimi Mluguru, watani wa jadi. Mimi namwita mtumwa wangu, yeye ananiita muuza kabichi wa Mgeta, tunacheka. Na sheria ya utani inajulikana: mtani hakasiriki. Akikasirika, aibu ni yake.

Mechi tatu za kwanza za msimu alifunga zote. Halafu ghafla, kavu. Anagonga mwamba, anapaisha, anateleza na kipa kashalala chini. Siku tumefungwa Dakawa, tunarudi kwenye basi kimya kama tunatoka msibani, nikashindwa kujizuia. "Jamani, huyu mtani wangu ana gundu! Kakanyaga kaburi la babu yangu bila kupiga hodi!"

Basi zima likacheka. Na yeye akacheka.

Kumbe wenzangu walishuka na lile neno. Kesho yake beki mmoja akahama benchi alipomwona anakuja kukaa. Jezi yake ikaanza kufuliwa peke yake. Uwanjani mtu anamwona kasimama wazi mbele ya goli, anapeleka mpira kwingine. Kamati ya ufundi, wale wazee wa timu wenye kushughulikia yasiyosemwa hadharani, wakampandisha mlimani kwa mganga akaogeshwe majani. Aliporudi nikamtania hata kwa hilo. Mungu anisamehe.

Mtu wa kulifuta lile neno alikuwa mmoja tu. Ningesimama tu mazoezini niseme, jamani ee, nilikuwa natania, yangeisha. Sikusimama. Pasi alizonyimwa yeye zilikuwa zinakuja kwangu, na mimi nilikuwa nafunga. Ndiyo hivyo, nimeshasema.

Mwisho kocha akamwambia mbele yetu sote: Jumamosi usipofunga, duru ya pili hupo. Basi Jumamosi, dakika za mwishoni, bila kwa bila, tukapata penalti. Mpigaji wetu ni yeye. Akautenga mpira, akarudi nyuma, akasimama. Akasimama mpaka refa akapuliza filimbi mara ya pili. Kisha akaenda akauokota, akaniletea mikononi.

"Piga wewe, mtani. Mimi nitawaharibia."

Ningemrudishia. Hata sasa mikono yangu inajua namna ambavyo ningemrudishia. Niliupokea, nikapiga, nikafunga, wakanibeba juu juu. Wa kwanza kunifikia alikuwa yeye.

Jumatatu jina lake halikuwepo kwenye orodha. Nikamfuata chumbani kwake, njia nzima napanga maneno: ndugu yangu, nimekukosea, nisamehe. Nikamkuta anapanga nguo kwenye begi. Akainua macho akanitazama, anasubiri, na mimi nikasikia mdomo wangu unasema, "Afadhali uende, mtumwa wangu, labda mvua itanyesha!"

Akacheka. Alicheka mpaka akakaa kitandani, akajifuta macho, akaendelea kuyafuta hata baada ya kicheko kuisha. Nikachuchumaa nikamsaidia kufunga zipu ya begi.