Nilisema "Kaninyang'anya," Mdogo Wangu Akakosa Dhamana

Nimekosa, na wa kulaumiwa ni mimi na mdomo wangu.

Mimi na mdogo wangu tunalima mpunga huku Mngeta, mashamba yanapakana. Wakati wa mavuno alinijia na mundu ameutundika begani, kama sisi wote. "Kaka, baiskeli ya marehemu baba umeikalia mno. Leo naondoka nayo." Akapanda, akaenda. Hakunigusa wala hakunitisha.

Nikawaka. Nikaenda polisi. Askari akauliza, "Kwa hiyo kaiba baiskeli?"

Nikaona wizi ni neno dogo, jioni watamwachia. "Hakuiba, afande. Kaninyang'anya. Na mundu alikuwa nao."

"Alikutishia nao?"

Nikajibu ndiyo. Nilitaka alale rumande apoe, halafu wazee watusuluhishe kama siku zote.

Kesho yake nikaenda kumwekea dhamana. Afande akanishangaa. "Mzee, huu ni unyang'anyi wa kutumia silaha. Hauna dhamana."

"Basi nafuta kesi."

"Kesi si yako, ni ya Jamhuri. Wewe ni shahidi tu. Akipatikana na hatia ni miaka thelathini."

Jamani, mundu wa kuvunia mpunga! Inaniudhi mpaka leo. Natamani kumlaumu askari, lakini aliniuliza kwa Kiswahili kilichonyooka, nami nikadanganya. Hata baiskeli yenyewe sina, imebaki polisi, eti kielelezo.

Mke wa mdogo wangu, aliyekuwa akiniamkia shikamoo kila asubuhi, sasa ananipita kimya. Mpunga wao ulipoiva ukaanza kulala chini, nilienda kuwavunia. Mama akanifuata shambani. "Acha hapo. Mwenye shamba yuko hai."

Nimemweleza mwendesha mashtaka ukweli. Kasema nikauseme mahakamani, na nijue kuwa kuwadanganya polisi nalo ni kosa. Nitausema, wanifunge wakitaka. Ila kila kesi ikitajwa tunaambiwa upelelezi haujakamilika, tunarudi nyumbani bila yeye.

Wewe unayesoma, ukienda polisi na hasira zako, sema kilichotokea, ukomee hapo. Usimtafutie ndugu yako neno kubwa ili umtie adabu. Neno likishaandikwa kule, huna ubavu wa kulirudisha.

Juzi walimpitisha mbele yangu na pingu. Hakunitukana. Aliniuliza tu, "Kaka, hivi ule mundu nilikutishia nao saa ngapi?"